Kioo cha Upande wa Felista

Kasiani alikuwa dereva, na ole wako umwite kitu kingine. Ukimuuliza kabila atakwambia Mluguru, ukimuuliza dini atakwambia Mkatoliki, lakini kabla hujamuuliza lolote atakuwa ameshakwambia kwamba yeye ni dereva. Tangu ujana wake aliendesha malori ya mkonge kwenye shamba moja upande wa Kingolwira. Alianza enzi za mabwana wa Kigiriki, na Azimio la Arusha lilipokuja, shamba likawa mali ya umma, akaambiwa hata lori lile sasa ni lake pamoja na wananchi wenzake. Jambo hilo lilimfurahisha sana, mpaka siku lori hilohilo la wananchi lilipompindukia mtaroni. Alitoka mzima kila kiungo isipokuwa shingo. Kulia iligeuka, juu iligeuka, chini ikainama bila taabu. Kushoto ilikataa katakata, na mtu akimwita kwa upande huo ilimbidi ageuke mwili mzima kama mlango.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Yule Mgiriki wake wa zamani, alipofungasha kurudi kwao, alimwachia gari. Si lori, jamani, gari la starehe! Kigari chekundu cha watu wawili, hakina paa, kimekaa chini mpaka mbuzi akisimama kando yako mnatazamana machoni. Kililetwa kwa meli kabla ya uhuru, na waliokitengeneza huko Ulaya walikiwekea kioo kimoja tu cha pembeni, kulia, kwa dereva. Upande wa abiria hawakuweka kitu. Labda waliona mtu mwenye gari la namna ile yeye ndiye anayetazamwa, hana haja ya kutazama wengine. Watoto wa Kichangani, mtaa aliokaa Kasiani pale Morogoro mjini, walikiita Kiatu, na jina likaganda.

Kasiani alikipenda Kiatu, tusifichane. Alikiosha kabla hajaoga mwenyewe. Petroli ilikuwa ya kubahatisha miaka ile, na Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, kwa hiyo muda mwingi Kiatu kilikaa uani chini ya turubai, na Kasiani akikaa kando yake akikipepea inzi.

Kikitoka, kilitoka na Felista. Huyu ndiye mkewe, mama Cecilia, mzaliwa wa Mlali kule chini ya milima, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Felista alikaa kiti cha kushoto, na kwa kuwa shingo ya mumewe ndiyo hiyo, yeye ndiye aliyekuwa kioo cha upande ule. Kasiani akitaka kukata kushoto huuliza, "Kushoto vipi?" na Felista hutazama, akasema. Mambo yalikwenda hivyo kwa muda mrefu, na kusema kweli yalikwenda vizuri, ila Felista hakujua kutazama mtu bila kumtambua, wala kumtambua bila kumwelezea.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa ya soko. Kasiani alifika kando ya Soko Kuu akataka kuegesha.

"Kushoto vipi?"

"Kuna Saada."

"Saada gani?"

"Saada yule aliyehamia Mji Mpya. Mke wa yule anayeuza mikeka. He! Baba Cecilia, Saada ana mimba nyingine!"

"Nauliza njia nyeupe?"

"Na kitenge kipya! Kakipata wapi, na madukani hakuna hata kaniki? Saada! Saada weee!"

Kasiani akachoka kungoja, akakata kushoto. Saada alipona, ila tenga la nyanya la mama mmoja wa Kinole halikupona. Nyanya zilibiringika mpaka kwenye dagaa, mama akapiga yowe, watu wakajaa. Kasiani badala ya kushuka aombe radhi, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, akasimama ndani ya Kiatu akanyoosha kidole upande wa mkewe.

"Mnanionea bure! Kosa la kioo changu hiki! Mliona wapi kioo kinachosalimia watu? Kioo kibovu hiki, kina ufa mdomoni!"

Soko zima likaangua kicheko. Wauza samaki walicheka, wachukuzi walicheka, hata mama wa nyanya, mwenye msiba wake, alicheka. Felista hakucheka. Alifungua mlango, akashuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akachukua kapu lake kichwani, akaenda zake nyumbani kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Kuanzia siku hiyo Felista hakusema na mumewe. Msinielewe vibaya, chakula alipika, maji ya kuoga aliweka, nguo alifua. Maneno ndiyo hakutoa. Likiwapo jambo la lazima alimwambia jogoo. "Jogoo, mwambie baba Cecilia ugali umepoa." "Jogoo, mwambie baba Cecilia avue hilo shati." Na jirani yao Modesta, aliyeyasikia yote kupitia ua wa mabua, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Kasiani alijifanya hajali. Alijali sana. Nyumba ilikuwa kimya kama ofisi siku ya sikukuu, na chakula kilimpita kooni bila ladha, kwa kuwa alizoea kula huku akisikiliza habari za mtaa mzima. Alimkosa mkewe, na mkewe alikuwa jikoni palepale, hatua chache tu kutoka kitini kwake. Kuomba radhi? Aa, hilo halikumjia akilini. Yeye alifikiri kidereva: kifaa kikileta matata, unatafuta kifaa kingine. Felista amechoka kuwa kioo, basi Kiatu kitafungwa kioo cha kushoto, Felista atakaa kama bibi harusi, mambo yataisha. Na mambo yalitakiwa yaishe haraka, maana Jumapili iliyokuwa inakuja mtoto wa dada yake Felista angepokea Komunyo ya kwanza kule Mlali. Kama mke angepanda basi na mume aende peke yake na gari, wakwe wote wangejua nyumba yake imeingia nyufa.

Alitangaza uamuzi wake kwa sauti, akimtazama jogoo. Jibu likaja kutoka jikoni.

"Jogoo, mwambie baba Cecilia, kioo kikiwepo nitapanda."

Kioo sasa kitoke wapi? Ilikuwa miaka ambayo spea ilikuwa hadithi. Kasiani alizunguka kwa mafundi wote wa mjini, wakamtazama kwa huruma. Mmoja alimwuliza kama anataka na mabawa. Ndipo alipomkumbuka Hatibu.

Hatibu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfanyakazi wa stesheni, mtu wa bendera ya kijani na filimbi. Na Mnyamwezi na Mluguru ni watani, tangu babu za huyu walipopita na mizigo kwenda pwani na babu za yule wakiwachungulia toka mlimani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya, kukulia chakula chako mbele yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa mpaka uzeeni. Hatibu alikuwa na pikipiki nyuma ya nyumba, iliyokufa siku nyingi kwa kukosa spea. Kila kitu chake kilikuwa kimeoza, ila kioo kilikuwa kizima kabisa, kwa sababu Hatibu alikitumia kunyolea. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alikaa kwenye pikipiki yake iliyokufa, akajipaka povu, akajinyoa taratibu akiimba.

Ijumaa hiyo Kasiani alifika na spana mfukoni. Akamkuta Hatibu kajaa povu, kamaliza shavu moja.

"Karibu, mtani! Mmeshuka lini huko mlimani? Leo mmelima bila kujifunga kamba kiunoni, au kuna aliyebiringika?"

"Tumeshuka kuangalia mizigo yetu," akajibu Kasiani. "Tumesikia kuna Mnyamwezi amechoka kubeba."

Hatibu akacheka, akaingia ndani kuchukua maji. Aliporudi hakukuta mtani wala kioo. Alitazama mahali pa kioo, akatazama barabarani, akaona mgongo wa Kasiani unaishia kwenye kona. Msikitini alikwenda hivyohivyo, shavu moja laini na jingine kichaka, na alipoulizwa alisema ndiyo mtindo mpya wa Tabora. Hakukasirika. Watani hawakasiriki, hungoja tu zamu yao.

Jumamosi Kasiani akafunga kioo. Kumbukeni kwamba kukifunga ilibidi atoboe Kiatu. Alishika keke, akaweka ncha juu ya mlango wa kushoto, karibu na kona ya kioo cha mbele, akafanya ishara ya msalaba, akaondoa keke. Akaweka tena. Akaondoa. Modesta aliyekuwa akichungulia alimwambia, "Shemeji, toboa, kwani unamtoboa mtoto sikio?" Mwishowe akafumba macho akazungusha, na rangi nyekundu ilipomwagika unga-unga mlangoni machozi yalimlenga. Akakata vipande vya tyubu ya baiskeli kuweka chini ya chuma kisikwaruze, akakaza nati, kioo kikasimama. Kilipendeza, wallahi, kama kilizaliwa pale.

Ila kioo cha abiria hakirekebishwi na mtu mmoja. Mwenye kukitazama yuko kulia, na kioo chenyewe kiko kushoto, mkono haufiki. Kasiani alikaa kwenye usukani, akaona migomba. Akashuka, akazunguka, akakisukuma, akarudi akakaa, akaona mbingu. Akashuka tena. Akajaribu kukisukuma kwa mpini wa fagio akiwa amekaa, akaona choo cha Modesta, na Modesta mwenyewe akitoka humo.

"Shemeji!" Modesta alipiga kelele. "Mke unaye, mwite akushikie!"

"Naweza mwenyewe."

Felista alikuwa kizingitini akichambua mchicha, akaona yote, hakusema neno hata kwa jogoo. Kasiani alizunguka gari lile mpaka fulana ikamganda mgongoni, na jua lilipokuwa linashuka ndipo kioo kilipokubali kuonyesha barabara.

Jumapili asubuhi Felista alitoka amevaa kitenge chake cha sikukuu, kitambaa kichwani, kapu la zawadi mkononi. Kasiani akaona moyo unampanda. Akakimbilia kumfungulia mlango kama mpambe wa mkuu wa mkoa, na hapo akasimama amepigwa na butwaa. Kwenye kiti cha Felista amekaa Hatibu. Taulo shingoni, wembe mkononi, shavu moja limejaa povu. Kioo amekigeuza kinamtazama yeye.

"Asubuhi njema, watani," alisema Hatibu. "Endeleeni na shughuli zenu. Mimi nanyoa."

"Mtani, shuka, tunakwenda kanisani."

"Nendeni, Mungu awabariki. Kioo changu kilipo na mimi nipo. Kikienda Mlali, nitakwenda nacho nikinyoa."

Akaanza kuimba. Alinyoa unywele mmoja, akaufikiria, akanyoa mwingine. Kasiani alibembeleza, akaahidi ndizi, akaahidi kuku. Hatibu akauliza ni kuku yupi, yule anayepeleka salamu? Majirani walianza kujaa. Kasiani alihisi hasira ikimpanda, akaimeza, maana hasira ingemmaliza. Misa ya Mlali ilikuwa saa nne, na Felista alikuwa amesimama na kapu lake akitazama njia ya kituo cha basi. Akienda kwa basi leo, Kasiani alijua, hatarudi kwenye kiti kile tena, na pengine hatarudi kusema.

Felista akaweka kapu chini. Akaweka mikono kichwani. Akavuta pumzi.

"Uwiii! Uwiii jamani! Mtani wetu Hatibu ametutoka! Amefia kwenye gari la watu, na ndevu nusu!"

Modesta aliruka ua bila kupitia mlangoni. Wanawake wakamiminika. Kwa maana mtani akifa, kazi ya msiba ni ya watani: ndio wanaomwigiza marehemu, ndio wanaonyang'anya vitu vyake, na hakuna wa kuwazuia.

"Mimi mzima!" alisema Hatibu.

"Kimya! Maiti haisemi!" Felista alimkaripia. "Modesta, mvue viatu, alikuwa akivipenda."

Viatu vikaondoka. Taulo likaondoka, sabuni ikaondoka, kofia ya stesheni ikamkaa Modesta kichwani. Modesta akapita uani na kanga yake akiipeperusha kama bendera, akipuliza filimbi isiyokuwepo, akitembea kifua mbele kama Hatibu anavyotembea treni ikichelewa. Watu walikufa kwa kicheko. Hatibu alikaza midomo chini ya povu, mabega yanatetemeka.

"Tumzike wapi?" aliuliza mmoja.

"Tabora ni mbali," alisema Felista, "na treni zake mnazijua. Tumzike hapahapa kwenye migomba. Lakini kwanza aoshwe. Leteni maji!"

Ndoo ikaletwa, imetekwa alfajiri mtoni, maji ya kutoka mlimani ambayo kwa baridi yake hata mbwa huyanywa kwa kusitasita. Felista akaiinua.

"Maiti ya kiume huoshwa na wanaume!" Hatibu alipiga kelele.

"Kwa mtani hakuna mwanamume!"

Hatibu aliruka nje ya Kiatu bila kufungua mlango, peku, povu likimdondoka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. "Nimeshindwa," alisema, akijifuta machozi. "Nimefufuka, nimeshindwa. Kioo nimewapa. Nendeni, nyie Waluguru, mtaniua kweli."

Felista akapangusa kiti, akaingia, akaweka kapu mapajani. Kioo kilikuwa kimepinda. Kasiani alikaa kwenye usukani, akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, na Felista akanyoosha mkono, akakigusa kioo kwa kidole kimoja.

"Juu kidogo," alisema Kasiani. "Rudisha. Hapo! Hapohapo."

Kazi iliyomtoa jasho jana mchana kutwa, leo ilikwisha hata kabla injini haijapata moto.

Walishika njia ya Iringa, milima kushoto, ukungu bado umejifunika kileleni, Kiatu kikinguruma kwa raha. Walipofika Sangasanga, pa kuingia njia ya Mlali, Kasiani alitazama kioo kipya, akaona baiskeli mbili za mizigo ya kabichi zinakuja upande wa kushoto, akazingoja zipite, akakata kona kwa ulaini wa siagi. Hakuuliza mtu. Akatabasamu, akangoja asifiwe. Upepo tu. Akaona ajisifie mwenyewe.

"Unakiona kioo hicho, mama Cecilia? Safi kabisa. Kinaona kila kitu, wala hakina maneno!"

Kumbe mdomo nao una mwendo wake! Felista aliugeuzia uso mlima, akabaki hivyo. Kasiani aliona shavu lake kwenye kile kioo, na jicho lililojaa maji ambalo halikuwa la upepo. Hapo ndipo lilipomwingia. Kiti kimejaa na mke hayupo. Hakuchoka kuwa kioo, mwanamke huyu; alichekwa na soko zima, na aliyewachekesha ni mumewe. Kifaa cha kurekebisha hilo hakiuzwi popote, wala hakuna mtani wa kumnyang'anya.

Aliendesha akiwa ameona haya mpaka nyumba za Mlali zikaanza. Njia ilijaa watu waendao misa, wanawake na mafungu yao kichwani, wazee wenye makoti, na miongoni mwao wakwe zake wengi. Kasiani akapunguza mwendo.

"Samahani, mke wangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na usukani.

"Sikusikia," alisema Felista. "Gari hili halina paa."

Alisema naye! Na si kupitia kwa kuku. Kasiani akarudia kwa nguvu zaidi.

"Injini inanguruma," alisema Felista, akitazama mbele.

Kasiani akasimamisha gari katikati ya njia, akazima injini. Watu wakasimama kutazama. Aliona shemeji zake, akamwona mkwewe na bakora yake. Kisha akasimama juu ya kiti, yule dereva wa miaka yote, akavua kofia, akapaza sauti mpaka kengele ya kanisa ikaonekana imenyamaza kumsikiliza.

"Felista, mke wangu! Nilikukosea! Nilikutukana sokoni mbele za watu, na kosa lilikuwa langu! Nisamehe, mama Cecilia!"

Wanawake walitua mizigo wapate kusikia jibu vizuri. Felista alitengeneza kitambaa chake kichwani bila haraka, akamshika mumewe mkono, akamvuta akae.

"Nilisikia," alisema, "tangu ile ya kwanza."